Meza safi si meza tupu

Wengi hudhani kupanga ofisi ya nyumbani ni kununua kabati, au kutupa kila kitu. Sivyo. Kabati huficha fujo tu, na hapa Mtwara, kwa unyevu wa bahari na mchwa, boksi la karatasi lililoachwa sakafuni ni chakula cha wadudu. Kinachovuruga akili ni vitu visivyohusu kazi ya leo: kikombe cha juzi, chaja mbovu, stakabadhi za korosho za msimu uliopita zimechanganyika na bili ya maji. Stakabadhi usizichome, jamani! Kumbukumbu za kodi hutunzwa miaka 5. Zitie kwenye faili, andika mwaka mgongoni, zipandishe rafu ya juu. Ila hiyo chaja, kwa kweli, unamtunzia nani?