Mwanao Si Mvivu, Saa Yake Imesogea

"Daktari, huyu ni mvivu tu." Nimeambiwa tena Jumatatu, na kijana mwenyewe amekaa papo hapo, miaka 16, kidevu kifuani, mkoba wa shule bado mgongoni. Mama ananieleza kwamba saa tatu usiku taa imezimwa na simu anakaa nayo yeye mama, lakini asubuhi hamwamshi mpaka amvute shuka. Nikamgeukia kijana: hiyo saa tatu ukiwa kitandani, unafanya nini?

"Nahesabu mbao za dari. Mpaka saa tano na kitu."

Wazazi, kumpeleka mtoto kitandani si kumpa usingizi! Nalirudia hili kila wiki.

Usingizi unaendeshwa na mambo mawili; mtafiti Alexander Borbély aliyaunganisha mwaka 1982 na mpaka leo tunayatumia. Moja ni deni la usingizi: tangu uamke, adenosini, kemikali inayoleta usingizi, inajilimbikiza ubongoni hadi ikulemee. Kahawa hailipi deni hilo, inalificha tu. La pili ni saa ya mwili, kifungu cha seli ndani ya haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, kinachopokea habari za mwanga kutoka machoni na kuamua melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa ni usiku, ianze kupanda lini.

Balehe inavigusa vyote viwili. Deni linajaa polepole kuliko utotoni, na melatonini inachelewa, pengine hata kwa saa mbili. Tena muda mfupi kabla haijapanda ndio mgumu kuliko wote kusinzia. Kwa hiyo mnamlaza kijana wakati uleule ubongo wake uko macho kabisa, halafu mnamwita mkaidi.

Anahitaji saa 8 hadi 10. Akisinzia saa tano na nusu usiku, akaamshwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, amepata 6. Na zilizokatwa si saa zozote tu. Usingizi mzito hutangulia. Wa ndoto hurundikana kuelekea asubuhi, na huo ndio mnaomnyang'anya. Mtafiti wa usingizi Mary Carskadon na wenzake walipima wanafunzi asubuhi, mwaka 1998, na karibu nusu yao walizama moja kwa moja kwenye usingizi wa ndoto. Mwili ulikuwa darasani, ubongo bado uko usiku.

Kulala mpaka mchana mwisho wa wiki? Kunapunguza deni, lakini kunaichelewesha saa ya mwili zaidi, na Jumatatu inakuwa mbaya kuliko Ijumaa. Saa moja ya ziada inatosha, mbili zikizidi sana.

Kuhusu simu, nina shaka na tunavyowaambia wazazi. Ni kweli mwanga wa skrini unaweza kuchelewesha melatonini, ila kwa kijana aliyeshinda juani athari hiyo hupungua. Naamini kinachomkesha zaidi ni mazungumzo yasiyokwisha. Mtoeni simu chumbani, sawa, lakini msidhani mmeirudisha saa yake nyuma.

Shule zinaweza zaidi yetu. Seattle, Marekani, mwaka 2016, sekondari zilihamisha masomo kutoka saa mbili kasoro dakika 10 hadi saa tatu kasorobo, na wanafunzi wakaongeza usingizi wa dakika 34 hivi kila siku ya shule. Hawakuzitumia kukesha.

Mama yule nilimwomba amruhusu kijana akae macho mpaka saa nne na nusu, asome kwa taa hafifu, na akiamka tu atoke nje kwenye mwanga, kila siku, hata Jumapili. Akamtazama mwanawe kwa muda, kisha akamvua mkoba mgongoni.