Mbwa haji ukimwita? Angalia unamwitia nini

Mwezi uliopita niliitwa kwenye nyumba moja Mbezi Beach. Mzee mwenye nyumba aliitikia shikamoo yangu juujuu, akaanza: "Mwanangu, huyu mbwa ni kiziwi. Namwita mpaka majirani wanatoka, yeye ananikodolea macho tu."

Nikaomba kuingia jikoni, nikafunua sufuria taratibu. Mbwa alikuwa amelala nyuma ya tangi la maji. Kabla sijarudisha mfuniko, kashafika mlangoni. Kiziwi gani huyo?

Nikamuuliza mzee, akiitwa akaja, kinafuata nini? Asubuhi anaitwa afungwe mnyororo. Jumamosi anaitwa aogeshwe dawa ya kupe. Siku aliyotafuna kandambili aliitwa, akaja mwenyewe huku anatikisa mkia, akapigwa. Sasa "njoo" kwake ni kama filimbi ya trafiki kwa bodaboda asiyevaa helmeti. Kandambili ya saa moja iliyopita haipo tena kichwani mwake. Kofi analifunganisha na alichokifanya sekunde ile, yaani kuja.

Neno likishaharibika hivyo mimi silikarabati, nachukua jipya. Tulichagua "hapa". Tukaanzia ndani ya geti, hatua mbili tu, mfukoni dagaa wakavu wasio na chumvi. Unasema "hapa" mara moja, basi. Akigeuza kichwa kukufuata, papo hapo "safi!", akifika anapata dagaa. Ile "safi" ikichelewa hata sekunde mbili, huenda ameshaanza kunusa ukuta, na umemsifia kunusa ukuta. Kisha mwachie aende zake. Hapo ndipo wengi wanaharibu: akija tu, mnyororo. Aitwe mara nyingi aachiwe, ili ile moja ya kufungwa isimkae moyoni. Akizoea, ongeza umbali kwa kamba ndefu, mita kumi hivi, na barabarani iwe mwisho kabisa.

Nyumba nzima itumie neno hilohilo. Kwa mzee, dada alikuwa anasema "kuja", mlinzi anapiga mluzi, watoto wanaita "kam hia".

Wanaoniambia mnyama hafundishiki bila fimbo nawaelekeza Morogoro. Shirika la APOPO, pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwa kidude kinacholia "kliki" na chakula kama ndizi. Fimbo nayo ina hatari ambayo wenye mbwa hawaioni mapema. Mbwa anayechapwa kila akinguruma huacha kunguruma, ila hasira na woga vinabaki palepale, na siku moja anang'ata bila kutoa taarifa. Mimi mbwa anayenguruma namshukuru.

Siku ya tano mzee akanipigia. Mbwa anakuja hata paka wa jirani akiwa ukutani, ila sasa mama mwenye nyumba ndiye amenuna: dagaa wa wiki nzima wamekwisha. Nikamwambia apunguze, atoe mara moja moja bila mpangilio, kwingine asifie tu na kumkuna shingo.