Zeu, Zeus, Jupiter, Dias: mungu ni mmoja, majina ndo mengi

Fungua Matendo 14:12 kwenye Biblia ya Kiswahili, pale Listra baada ya yule kiwete kusimama na kutembea, utakuta watu wanamwita Barnaba "Zeu", yaani Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale, na Paulo "Herme". Chukua ya Kiingereza, ile King James ya 1611, mstari huohuo Barnaba kawa Jupiter. Alafu muulize Mgiriki wa leo huyo mungu anaitwaje, atakwambia Dias. Kazi yangu ni isimu linganishi, yaani kulinganisha lugha kujua maneno yametoka wapi, na hili ni kati ya majina ambayo historia yake tunaijua vizuri kabisa, ndo maana inaniuma nikiona watu mtandaoni wanalitungia undugu kwa kusikiliza mlio tu, mfano eti Jesus limetoka kwa Zeus.

Kwa Kigiriki cha kale jina linabadilika kutokana na kazi yake kwenye sentensi. Akiwa mtenda ni Zeus, ukisema "ya Zeus" inakuwa Dios, akitendwa anakuwa Dia, na hiyo Dia ndo iliyopo kwenye Matendo ya Kigiriki na ndo iliyokuja kuzaa Dias ya leo. Ukimwita, kama kwenye maombi, s inaondoka, inabaki Zeu. Yaani Zeu yetu, iliyoacha s kama Paulo na Marko walivyoacha zao, imeangukia umbo lilelile Wagiriki walilotumia kumwomba mungu wao! Mi hili hunifurahisha kila nikilisoma.

Sasa hiyo Dios zamani ilikuwa Diwos. Hatukisii, kuna kibao cha udongo cha Pylos, mji wa kale wa Ugiriki, cha miaka kama 3,200 iliyopita, kimeandikwa di-we (kwa Zeus) na di-wo (ya Zeus), na tunaweza kukisoma kwa sababu Michael Ventris alifumbua maandishi hayo mwaka 1952. Baadaye ile w ikadondoka kati ya irabu. Kwetu sio jambo geni, Waganda wanasema enjala, Wanyarwanda inzara, sisi tumebaki na njaa, l imeshaenda.

Ukishakuwa na Diw- mkononi ndugu wanaanza kujitokeza wenyewe. Kisanskriti, lugha ya kale ya India, kina Dyaus, na "ya Dyaus" ni Divas, na kwenye Rigveda, maandiko ya kale ya Wahindu, anaitwa Dyaus pitar, baba mbingu. Kwa Homeri, mshairi wa kale wa Kigiriki, watu wanaomba "Zeu pater", baba Zeus. Warumi waliyaunganisha maneno hayohayo mawili wakapata Iuppiter, ndo Jupiter, ila wakitaka kusema "ya Jupiter" wanasema Iovis, ambayo kwa Kilatini cha zamani zaidi ni Diovis, na humo ndo ilimotoka Alhamisi ya Wafaransa, jeudi, na ya Wahispania, jueves. Shina lenyewe linahusu mwanga wa mbingu ya mchana, ndo maana hata dies, siku kwa Kilatini, ni wa ukoo huohuo.

Na mlio unadanganya kweli. Theos ya Kigiriki na deus ya Kilatini zote maana yake mungu, zinafanana, na hazina undugu wowote. Th ya Kigiriki mwanzoni mwa neno, Kilatini huwa inaijibu kwa f, moshi kwa mfano ni fumus na mwenzake ni thumos. Ndugu wa deus upande wa Ugiriki ni Zeus mwenyewe.

Kwa hiyo ile meseji inayozunguka kwamba jina Jesus limetoka kwa Zeus, ipimeni kwa njia hiihii. Kwa Kigiriki ni Iesous, "ya Yesu" ni Iesou, akitendwa ni Iesoun, d haitokei popote. Limetoka kwenye Kiebrania Yeshua, Kigiriki hakina sh wakaweka s, na s ya mwisho ni alama tu ya mtenda mwanaume. Wayahudi waliotafsiri Torati kwa Kigiriki karne ya 3 kabla ya Kristo walimwandika Yoshua mwana wa Nuni hivyohivyo, Iesous. Angalia Waebrania 4:8, Biblia yetu inasema Yoshua, King James inasema Jesus, na Kigiriki cha wote wawili ni neno moja.