Rangi ghali haitibu ukuta: dhana potofu kuhusu kupamba nyumba Mombasa

Ugomvi mwingi kati ya mpambaji na mwenye nyumba hapa Mombasa hauanzi siku ya kuchagua rangi ya pazia. Huanza miezi minane baadaye, rangi inapobambuka chini ya dirisha, bawaba za kabati zinapotoa kutu na kochi jipya linapoanza kuchunika. Mteja husema ameuziwa vitu feki, fundi naye husema nyumba ina maji. Ukifuatilia, kosa lilifanyika siku ya kwanza, pale neno linalosemwa na kila mtu lilipokubaliwa bila kupimwa. Haya ni baadhi ya maneno hayo.

Dhana: Rangi ikibambuka, tatizo ni rangi. Nunua ya bei ya juu.

Rangi ya bei ya juu juu ya ukuta wenye unyevu hubambuka vilevile, tena kwa mapande makubwa zaidi, kwa kuwa utando wake ni mgumu na hauachii maji yapite.

Nyumba za zamani za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, bila chochote cha kuzuia unyevu kwenye msingi. Maji ya ardhini hupanda ndani ya jiwe kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, nayo hubeba chumvi. Plasta ya chokaa huyaacha yatoke polepole hadi hewani. Ukija ukaupiga ukuta huo plasta ya simiti na rangi ya mafuta, umeuziba pumzi. Maji hupanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, chumvi hukaukia chini ya rangi, na punje zake zinapokua huisukuma rangi ikavimba kama hamri. Nyumba mpya za Bamburi au Mtwapa hazijasalimika pia: mchanga wa bahari uliotumika bila kuoshwa huacha chumvi hiyohiyo ndani ya plasta.

Kwa hiyo pima kabla ya kutaja bei. Chukua kipande cha nailoni safi cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne bila kuacha mwanya, ukiache siku moja hadi mbili. Matone yakiwa upande wa ndani, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, ni mvuke wa chumbani, na dawa yake ni madirisha na feni.

Ukuta wa matumbawe wenye maji hutibiwa hivi: bandua plasta ya simiti hadi jiwe lionekane, kisha uuache ukuta ukauke kwa muda mrefu kadiri mteja atakavyovumilia. Wiki ni chache, miezi ni bora. Unga mweupe wa chumvi ufagie kwa brashi kavu na kuuzoa. Usiuoshe, kwani maji huuyeyusha na kuurudisha ndani. Piga plasta ya chokaa, sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga safi usio na chumvi, kwa tabaka za karibu sentimita moja kila moja, ukinyunyiza maji siku za mwanzo ili isipasuke. Juu yake paka chokaa ya maji, mikono (yaani tabaka) mitano au sita myepesi. Mteja atauliza mbona haing'ai. Mwambie mapema kwamba haitang'aa, na kwamba kila baada ya miaka michache itapakwa tena kwa gharama ndogo.

Plasta mpya ya simiti nayo ipewe siku 28 kabla ya rangi. Fundi anayepaka siku ya kumi kwa sababu "imeshakauka juu" anajitafutia kazi ya kurudia, na aghalabu hairudii kwa pesa zake.

Kuhusu kiasi cha rangi, usikisie kwa idadi ya vyumba. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye urefu wa mita 2.8 kwenda juu kina kuta za mita za mraba 42. Ukitoa mlango na dirisha moja hubaki kama 38. Lita moja ya rangi ya maji hufunika karibu mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, hivyo mikono miwili ni lita 7.6, yaani mikebe miwili ya lita nne, mbali na ile ya kwanza ya kufunga ukuta.

Dhana: Ukungu mweusi nyuma ya kabati ni uchafu, upakie rangi juu.

Utatokea tena. Changanya sehemu moja ya jiki na nne za maji, paka, acha kama robo saa, suuza na uache ukuta ukauke kabisa. Usichanganye jiki na dawa ya kusafishia choo yenye asidi, maana hutoa gesi ya sumu. Kisha vuta kabati sentimita tano hadi kumi kutoka ukuta wa nje ili hewa ipite. Kabati lililojengwa hadi kugusa ukuta unaopigwa na mvua za Mei ni shamba la ukungu.

Dhana: Sumaku haishiki, basi chuma hakitaota kutu.

Jaribio hili hufanywa sana madukani, na karibu na bahari halikusaidii. Chuma cha pua cha daraja 304 na cha 316 vyote kwa kawaida havishikwi na sumaku, lakini 304 hutoka madoa ya kahawia kwa upepo wa chumvi, ilhali 316 ina molibdenamu inayokilinda. Kwa nyumba ya Nyali inayotazama bahari, andika namba 316 kwenye oda ya vishikio vya ngazi na vifaa vya nje, na uitake iandikwe kwenye risiti. Ndani, bawaba za shaba nyeupe au za njano hudumu kuliko zile za chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu.

Mbao zina habari yake. MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, si mbaya kwa mlango wa kabati la chumbani, ila haivumilii maji hata kidogo. Sakafu ikipigwa deki kila asubuhi, sehemu ya chini ya kabati la jikoni hunywa maji, huvimba na hairudi tena. Inua makabati juu ya miguu ya plastiki ya sentimita kumi, tumia marini plai (plaiwudi inayostahimili maji) chini ya sinki, na ziba kila ukingo uliokatwa, pamoja na lile tundu la bomba ambalo hakuna anayelikumbuka.

Makochi ya ngozi bandia pia yana lake. Yale yanayochunika baada ya miaka miwili hayakukaliwa vibaya: utando wa juu wa poliyurethani huvunjwa na unyevu wa hewa wenyewe. Mteja anayetaka sura ya ngozi aelezwe hivyo kabla ya kulipa, halafu achague mwenyewe. Kitambaa cha pamba nzito chenye foronya za kuvuliwa na kufuliwa kinafaa zaidi.

Dhana: Dari ya gipsamu yenye ngazi tatu na taa za rangi huifanya nyumba ionekane ya kisasa.

Piga hesabu kwanza. Silabu nyingi za maghorofa, yaani dari za zege, huwa karibu mita 2.75 juu ya sakafu. Gipsamu ya ngazi moja huteremsha dari kama sentimita 20, unabaki na 2.55. Mapanga ya feni yanahitaji nafasi ya sentimita 25 hivi kutoka dari ili yavute hewa, kwa hiyo yatakuwa kwenye mita 2.30, na hapo mtu mrefu akiinua mikono kuvaa kanzu yuko karibu kuyagusa. Ongeza ngazi ya pili, na feni haina pa kukaa. Mteja atanunua eesii (kiyoyozi), bili ya umeme itampanda, na atakulaumu wewe.

Ndoana ya feni lazima ishike silabu yenyewe. Gipsamu haibebi feni, wala fremu yake. Ndoana ya chandarua nayo ipangwe kabla dari haijafungwa. Ni ajabu jinsi vyumba vya kulala vinavyochorwa katika mji wa mbu kana kwamba chandarua hakipo. Bafuni tumia ubao wa gipsamu unaostahimili unyevu, ambao kwa kawaida una karatasi ya kijani. Na kama paa linavuja, lizibe kwanza: gipsamu iliyolowa hupinda na kuanguka, haikauki ikawa kama zamani.

Dhana: Nyeupe hupanua chumba, basi paka nyeupe kila mahali.

Kwa chumba cha ndani kisicho na dirisha la maana, sawa. Lakini sebule inayopigwa na jua la saa nane huko Shanzu, nyeupe kali huumiza macho na kuonyesha kila alama ya kidole. Nyeupe yenye udongo kidogo, au rangi ya mchanga, hutulia zaidi. Paka vipande vya majaribio vya nusu mita kwenye kuta mbili tofauti, uvitazame asubuhi, alasiri na usiku taa zikiwaka. Balbu nyingi zinazouzwa ni za 6500K (K ni Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga), mwanga wa kibuluu unaoharibu rangi yoyote ya joto uliyoichagua. Sebuleni na vyumbani weka 2700K hadi 3000K, jikoni 4000K.

Dhana: Pima dirisha, nunua kitambaa cha upana huo, ongeza kidogo.

Pazia la namna hiyo hunyooka kama shuka kwenye kamba. Kinachopimwa ni fimbo. Dirisha la sentimita 180 hupewa fimbo ya 240, ili pazia likifunguliwa lisizibe upepo wa kusi. Zidisha upana wa fimbo mara mbili: 480. Kitambaa cha upana wa sentimita 150 kitahitaji vipande 3.2, basi chukua vinne. Urefu ukiwa 240, ongeza 25 za pindo la juu na chini, upate 265 kwa kila kipande. Jumla ni mita 10.6, na zaidi kidogo kama kitambaa kina maua ya kulinganishwa. Pamba isiyokuwa polyesta ifuliwe kabla ya kukatwa, maana hunywea. Khanga za Biashara Street zinapendeza kwa mito na kwa pazia la ndani, ila zikielekezwa jua la magharibi hupauka mapema.

Dhana: Nyumba ya Mji wa Kale ni finyu, bomoa ukuta wa kati.

Vyumba hivyo ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari huvuka takriban mita tatu tu au pungufu. Ukuta unaotaka kuubomoa ndio uliobeba boriti hizo. Mlete mhandisi, au uache. Upande wa nje, milango, roshani na uso wa nyumba ndani ya eneo la uhifadhi havibadilishwi bila kupitia ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Dhana: Mteja akileta picha kwenye simu, kazi ya kuuliza imeisha.

Picha huonyesha chumba cha watu wengine. Waulize waliomo humu. Wageni wa kiume na wa kike hukaa pamoja, au Bi mkubwa anataka sebule yake ya ndani? Viatu huvuliwa wapi, na vinawekwa wapi wakija watu ishirini? Futari huliwa mezani au chini? Kama ni chini, meza nzito ya kioo katikati itakuwa kero mwezi mzima, na zulia la mita tatu kwa nne ndilo fanicha muhimu kuliko zote. Nani anaamka kuswali alfajiri, na swichi iko upande wake wa kitanda? Mambo haya hayamo kwenye picha, na mteja hatayasema usipomuuliza, kwa kuwa kwake ni ya kawaida mno.

Dhana: Ada ya mpambaji imo ndani ya bei ya vitu, haina haja ya kutajwa.

Ikifichwa, siku mteja atakapoona kochi lilelile dukani kwa bei ya chini atajiona ameibiwa, hata kama umehangaika nalo wiki tatu. Tenga makadirio katika mafungu matatu: ubunifu na usimamizi, vifaa, ufundi na usafiri. Andika kama VAT ya asilimia 16 imo au haimo. Acha akiba ya asilimia 10, na 15 kwa nyumba ya matumbawe, maana ukibandua plasta hujui utakuta nini. Pesa ya vifaa ilipwe yote kabla ya kununua. Ufundi ulipwe kwa hatua, na fungu la mwisho, asilimia kumi hivi, libaki hadi dosari zilizoandikwa zimalizwe.

Mabadiliko yaandikwe. Ujumbe mfupi wa WhatsApp wenye mambo matatu unatosha: nini kinabadilika, kinaongeza shilingi ngapi, kinaongeza siku ngapi. Mteja akijibu "sawa", endelea. Kuhamisha taa moja dari ikiwa wazi ni kazi ya nusu saa. Dari ikishafungwa ni kukata, kuziba, kupiga msasa na kupaka rangi dari nzima ili kiraka kisionekane.

Dhana: Wiki mbili kabla ya Idi zinatosha.

Mafundi cherehani hujaa kuanzia Shaaban, mwezi unaotangulia Ramadhani. Kazi ya sebule moja, kutoka kuziba maji na kupitisha nyaya, kisha dari, vigae, makabati, mkono wa mwisho wa rangi, fimbo na pazia, haipungui wiki sita, na ukuta wenye unyevu hauhesabiwi humo. Vigae vinunuliwe vyote siku moja, vyenye namba ileile ya uzalishaji, na asilimia kumi ya ziada: sakafu ya mita za mraba 20 kwa maboksi ya mita 1.44 ni maboksi 16. Ukirudi baadaye kutafuta boksi moja lililopungua, rangi haitalingana. Anayetaka kupokea wageni Idi ya mfungo atoe arubuni ya kitambaa Rajab, mwezi ulio kabla ya Shaaban.