Usenet haina makao makuu

Wengi hudhani ujumbe wa makundi ya mijadala ya Usenet hukaa kwenye kompyuta moja kuu, na mwenye nayo akiombwa ataufuta. Sivyo. Tangu mtandao huo uanze mwaka 1980, kila seva hupokea ujumbe, hubaki na nakala, kisha huupitisha kwa seva nyingine. Amri ya kufuta ipo, ila seva nyingi huipuuza, na si bure: kuna walioighushi wakafuta maneno ya wenzao. Kwa hiyo hasira za usiku zisubiri asubuhi.

Ukijibu, bakiza mistari miwili mitatu unayoijibu, ile inayoanza na alama ya >, uandike chini yake. Kurudisha ujumbe mzima ili uongeze “nakubali” kunachosha.