Ndiyo, Nilirudia Kichekesho Kile Kile

Kila baada ya onyesho lazima atokee mmoja. Anakuja taratibu, ananivuta pembeni kwa huruma, ananong'ona: "Kaka, ile ya mama na simu si uliisema mwezi uliopita?" Niliisema. Wiki iliyopita niliisema tena ukumbi mwingine, juzi pia, na Mungu akijalia kesho nitaisema. Zamani nilikuwa nacheka na kumshukuru kwa kuja. Safari hii naandika, kwa sababu imani kwamba mchekeshaji wa kweli huja na mapya kila usiku haiishii kwa watazamaji. Wanaoanza nao wameimeza, na ndiyo inayowamaliza.

Kijana anapanda jukwaa la wazi, lile la yeyote anayetaka kujaribu, Jumanne na dakika tano alizoandika Jumatatu usiku. Zinaanguka. Jumanne inayofuata anakuja na nyingine mpya kabisa, nazo zinaanguka. Mwaka ukiisha ana lundo la vitu vilivyojaribiwa mara moja moja, ila hana hata dakika mbili za kuzitegemea mbele ya watu wasiomjua. Hapo ndipo anapoanza kusema hadhira ya hapa haielewi.

Ngoja nikichukue hicho hicho kinachowakera, cha mama na simu. Kilizaliwa hivi: "Mama yangu ana wasiwasi sana. Nisipopokea simu anadhani nimekufa." Kimya. Wala si kimya cha hasira, ni kile cha watu wanaosubiri uendelee, na walikuwa na haki, maana hapo hakuna kilichotegwa. Kifo kimetajwa wazi, kwa hiyo hakuna cha kufyatuka.

Toleo lililofuata likawa na mlolongo: mama anampigia mama mdogo, mama mdogo anampigia shangazi, shangazi anampigia mjomba, mjomba anampigia jirani. Watu walianza kutabasamu kwa shangazi, wakachoka kwa jirani. Jirani akatoka. Baadaye shangazi naye akatoka, ingawa nilikuwa nampenda. Sababu ya kutopokea simu ilikuwa kwamba naoga. Bafuni nilikuwa nakaa nusu saa, lakini nusu saa mtu yeyote mwenye akili angepata hofu, sasa kichekesho kiko wapi? Ikawa dakika kumi. Ikawa tatu. Leo kiko hivi:

"Nilikuwa naoga. Mama akapiga, sikupokea. Akampigia mama mdogo. Mama mdogo akampigia mjomba. Natoka bafuni, dakika tatu tu, nakuta kundi la familia limejaa pole. Marehemu ni mimi. Na mjomba keshaulizia saizi ya viatu vyangu."

Pale penye "marehemu ni mimi" palikuwa na "wanaomboleza kifo changu". Maana ni ile ile, kicheko nusu. "Wanaomboleza" inafungua mlango mapema, na msikilizaji anafika kabla yangu. "Mimi" ikikaa mwisho, hakuna silabi inayobaki nyuma yake kukanyaga kicheko. Viatu navyo havikutoka daftarini. Nilikuwa nasubiri watu watulie, mdomo ukajiongezea, ukumbi ukalipuka. Ilibidi nisikilize rekodi ya simu ili nijue hasa nilisema nini. (Kama hujirekodi, sijui unafanya nini huko juu.) Hakuna usiku wa kwanza ambao ungenipa viatu. Vilihitaji nikijue kichekesho kiasi cha kuacha kukifikiria.

Na bado. Kuna usiku maneno haya haya, kwa pumzi zile zile, hayaitikiwi na mtu. Wataalamu watasema ni viti kuwa mbali na jukwaa, au taa za ukumbi kuachwa zinawaka watu wakaona haya kucheka, au aliyekutangulia aliwachosha. Mara nyingi ni kweli. Mara nyingine kila kitu kiko sawa, watu wazuri, taa nzuri, na kichekesho kinakufa tu. Sina maelezo, na anayedai anayo namtilia shaka.

Sasa, wachekeshaji wenzangu wakiulizwa kuhusu kurudia hukimbilia kwa mwanamuziki: mbona yeye mnamdai wimbo ule ule? Utetezi huo ni mwepesi mno na nawaomba tuuache. Wimbo hunoga ukiwa unaujua. Panchi, yaani ile sentensi ya mwisho inayoleta kicheko, inaishi kwa kushtukiza, ukishaijua unachobakiwa nacho ni utendaji. Kwa hiyo yule jamaa wa pembeni ana nusu ya haki, na nusu hiyo ndiyo inayoniudhi. Angekuwa amekosea kabisa ningelala vizuri.

Enzi za vaudeville kule Marekani, yale maonyesho ya mchanganyiko yaliyozunguka mji hadi mji, mchekeshaji aliweza kuzunguka na dakika zake chache kwa miaka, kwa kuwa mji ulimwona mara moja, kesho treni ikampeleka kwingine. Redio na baadaye televisheni zikaharibu biashara hiyo: usiku mmoja, nchi nzima imeshasikia. Ndipo wakaja wachekeshaji wa aina ya George Carlin, aliyerekodi maonyesho 14 kwa televisheni ya HBO kati ya 1977 na 2008 akiandika upya kila mara. Jerry Seinfeld naye mwaka 1998, tamthilia yake ya vichekesho ya televisheni ilipokwisha, alirekodi onyesho la kuviaga vichekesho vyake vya zamani kisha akarudi vilabu vidogo kuanza upya. Majina haya hutajwa sana kunipinga. Wanaoyataja huruka sehemu ya katikati. Carlin alizunguka kumbi akinoa maneno yale yale mpaka siku ya kamera. Chris Rock kabla ya ziara kubwa huingia vilabu vidogo bila kutangazwa, karatasi mkononi, na waliomkuta huko wameona vitu vikianguka kama vya mtu yeyote. Wewe uliyekaa sebuleni unaona kipya. Upya huo ni wako, yeye amekisema mpaka kimemchosha.

Shida yetu sisi tunaochekesha penye kumbi za kuhesabika ni kwamba treni hatuna. Chumba cha mazoezi na chumba cha maonyesho ni kimoja, na safu ya mbele ina nyuso zile zile. Ushauri wa vilabu vikubwa, "rudia mpaka kiive", ukiufuata kibubusa huku utaua watazamaji wako wachache kabla ya kuiva wewe. Kwa hiyo mimi nachanganya. Kipya nakiweka katikati, kati ya viwili vilivyothibitika, ili kikianguka nisianguke nacho. Namuuliza mwandaaji ni akina nani wamekuja, na kama ni wale wale nabadilisha mpangilio, nafungua kwa kilichokuwa mwisho. Natafuta pia majukwaa ambayo watu hawakuja kwa ajili ya vichekesho: sherehe ya ofisi, baa ambayo nusu ya wateja hawana habari kuwa kuna onyesho. Hapa ndipo kichekesho kinaambiwa ukweli, maana hakuna anayekudai hisani.

Ila kuna watazamaji wabaya kuliko wanaokujua: wachekeshaji wenzako waliosimama nyuma wakisubiri zamu. Hao wameshakisikia kila kitu, kwa hiyo hucheka ukiharibu makusudi, ukimtania mmoja wao, ukisema jambo ambalo ni wao tu wanalielewa. Kicheko chao ni kitamu kwelikweli. Ukianza kukiandikia, baada ya miezi unajikuta nyota wa watu kumi wasiolipa kiingilio. Vipaji vingi nilivyoona vikipotea vilipotelea hapo nyuma ya ukumbi, na wenyewe walidhani wanapanda.

Kuhusu kupanda kwenyewe sina mengi. Dakika tano za jukwaa la wazi, kumi za kumfungulia aliyekuzidi, ushereheshaji (usiudharau, ndio unaofundisha kusoma ukumbi), ishirini, kisha usiku wako. Fika mapema. Taa ya kukwambia muda umekwisha ikiwaka, shuka. Malipo ni mada ya siku nyingine, isipokuwa hili: ile hoja ya "tumekupa jukwaa, unataka na hela?" ni ya zamani. Mwaka 1979 wachekeshaji wa Comedy Store ya Los Angeles waligoma kwa kuwa klabu ilikuwa inajaza watu na kuuza vinywaji huku wao hawalipwi. Mitzi Shore, mwenye klabu, alishikilia kwamba pale ni shule. Mgomo ulikwisha kwa malipo kuanza kutolewa. Kwamba ni shule alikuwa sahihi kabisa. Nani alipe ada ndipo tulipotofautiana naye.

Na video fupi je? Hapa nayumba. Ukiweka kichekesho kilichoiva mtandaoni, umekichoma, kesho safu ya mbele inakijua. Usipokiweka, hiyo safu ya mbele haitakuwepo, kwa sababu hakuna anayekujua. Wengi wamekimbilia kuweka vipande vya kutaniana na watazamaji, kwa kuwa hivyo havichomi chochote. Matokeo yake watu wanakuja ukumbini wakitaka kutaniwa, wanadakia kila sentensi, na mtego wa dakika mbili haupati nafasi ya kutegwa. Mwezi mmoja naweka, mwezi mwingine nafuta. Wenye msimamo thabiti kuhusu hili niliowasikia, wengi wao wanauza kozi.

Jambo la mwisho, kwa wanaopanda wiki hii. Itafika siku mtu wa mbele ataitamka panchi yako kabla yako, kwa sauti, kwa fahari. Usikasirike wala usimtukane, ukumbi utamwonea huruma. Mwache amalize, mpe makofi, watu wacheke naye. Kisha toa mwisho wa pili, ule ambao hajawahi kuusikia, na usiutumie siku nyingine yoyote isipokuwa siku kama hiyo. Cha mama na simu nacho kina mwisho wa pili, baada ya viatu. Siuandiki hapa.