Presha ya mafuta si wingi wa mafuta: pampu inavyopimwa kwenye injini ya supachaja

Dereva akisema "fundi, gari haivuti", gereji nyingi jibu ni moja: pampu imekufa. Mara nyengine ni kweli. Lakini pampu ya mafuta ina kazi mbili, na geji ya presha inayofungwa gari ikiwa imesimama inapima moja tu. Kazi ya kwanza ni presha, yaani nguvu ya kuyasukuma mafuta mpaka nozeli, kile kitundu kinachoyapuliza kwenye injini, iyapulize vizuri. Ya pili ni wingi: lita ngapi zinapita kwa saa bila ya presha hiyo kushuka. Ukibana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole gumba, maji yanaruka mbali ila ndoo haijai. Pampu iliyochoka ndivyo ilivyo. Injini ikinguruma bila mzigo inakula kidogo, geji inasoma vizuri na fundi anaapa kwamba pampu ni nzima. Gari ikipakiwa saruji bandarini Mkoani, Pemba, na kuanza kupanda vilima vya njia ya Chake Chake, ndipo aibu inapotoka.

Supachaja ni mashine ya kusukumia hewa ndani ya injini, inayozungushwa kwa mkanda unaotoka kwenye krenkshafti, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Tabo inafanya kazi hiyo hiyo kwa kuzungushwa na moshi unaotoka. Huku visiwani tuliyoizoea ni tabo, kwenye malori ya dizeli. Supachaja ni ya kubahatisha, na ukiikuta huenda ikawa kwenye pikapu ya petroli yenye injini kubwa, mfano wa zile Ford F-150 Lightning za 1999 hadi 2004 zenye V8 ya lita 5.4.

Hewa ikizidi, petroli nayo lazima izidi. Injini ya petroli ikienda taratibu inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Ikiwa na supachaja na imekanyagwa mpaka chini, hupewa petroli zaidi, kilo moja kwa kilo 12 za hewa au pungufu ya hapo, ili moto usipande kupita kiasi. Petroli ikipungua wakati huo, injini haikosi nguvu tu: inaanza kugonga, na kichwa cha pistoni kinaweza kuyeyuka. Kwa hiyo pampu dhaifu kwenye gari ya supachaja ni hatari kuliko kwenye gari ya kawaida.

Kuna jambo jengine ambalo wengi hawalijui. Nozeli inapuliza ndani ya njia ya hewa, na njia hiyo sasa imejaa hewa iliyosukumwa. Tuseme presha ya msingi ya mafuta ni bari 3 (bari ni kipimo cha presha), kama psi 43 hivi kwenye geji. Supachaja ikisukuma hewa kwa nusu bari, hewa hiyo inayarudisha mafuta nyuma, na nozeli inabaki na nguvu ya bari 2.5 tu. Ndiyo maana regyuleta, yaani kidhibiti cha presha ya mafuta, ina kimpira kinachotoka kwenye njia ya hewa: hewa ikipanda nusu bari, nayo inapandisha mafuta mpaka 3.5. Ukitaka kujua kama inafanya kazi, washa injini bila kukanyaga ekseleta, soma geji, kisha chomoa kimpira hicho na uzibe ncha yake kwa kidole. Presha ipande papo hapo, kwa kawaida kutoka kama bari 2.5 kwenda 3. Isipotikisika, tatizo ni regyuleta au kimpira kimepasuka, na pampu haina kosa. Magari mengine hayana kimpira wala bomba la kurudisha mafuta tangini, presha inaamuliwa na kompyuta. Hayo yanataka mashine ya kusomea.

Sasa wingi. Injini ya supachaja hula takriban gramu 270 za petroli kwa kila nguvu ya farasi moja kwa saa. Farasi 300 ni kilo 81, na kwa kuwa lita moja ya petroli ina uzito wa kama kilo 0.74, hizo ni lita 110 kwa saa. Kwa nusu dakika ni mililita 900 na kitu. Bomba la kurudisha mafuta huingizwa kwenye chombo chenye alama za ujazo, injini ikiwa imezimwa, pampu ikapewa umeme wa moja kwa moja kwenye rilei (swichi ya umeme ya pampu) na saa ikahesabu sekunde 30. Kazi hii ifanyike nje, mbali na sigara na cheche, kizima moto kiwe karibu. Mafuta yakipatikana chini ya kiwango hicho, usikimbilie kuvunja tangi. Anza na filta.

Halafu pima umeme, na uupime kwenye plagi ya pampu yenyewe, si kwenye betri, huku pampu ikizunguka. Pampu ya umeme inatoa kwa kadiri ya volti inazopata. Betri ikionyesha 13.8 na pampu ikapata 11.5, zaidi ya volti mbili zimepotea njiani. Kwa gari inayolala karibu na bahari, mimi huanzia kwenye waya wa ardhi: chumvi inakula pale unapofungwa kwenye chesi mpaka panafanya unga wa kijani, na ukipakwangua, pampu "iliyokufa" inafufuka bila hata shilingi ya spea.

Kipimo cha mwisho ni cha mzigo. Geji ya mpira mrefu ifungwe kwa utepe upande wa nje wa kioo cha mbele, ili ikivuja petroli isiingie ndani, na msaidizi aisome wakati dereva anakanyaga kwenye mwinuko. Sindano ipande pamoja na hewa ya supachaja na ikae pale. Ikipanda kisha ikaanza kuteremka injini inapozidi kuzunguka, na filta ni mpya, volti zimetimia, regyuleta nzima, basi hapo pampu ndiyo yenye kosa.

Malori ya dizeli yana hesabu yake. Kinachopimwa hivi ni upande wa presha ndogo tu, kutoka tangini mpaka pampu kubwa. Mabomba ya komon reli, yaani bomba la pamoja linalogawa dizeli kwa nozeli zote, yana presha inayofika bari 1,600 na zaidi: usiyalegeze injini ikiwaka, mafuta yanatoboa ngozi.

Ukienda kununua pampu, usiulize imeandikwa lita ngapi tu. Iliyoandikwa 255 kwa saa huwa imepimwa kwa presha na volti fulani, na presha ikipanda lita zinapungua. Uliza inatoa ngapi kwenye ile presha ya juu ya gari yako, na kwa volti ulizozikuta kwenye plagi.